Amenawiri, au anaumwa? Dhana potofu kuhusu unene, homoni na matibabu

Mtu akirudi safari ameongezeka kilo kumi, tunampokea kwa vigelegele: umenawiri, maisha yamekukubali. Akirudi amepungua, sauti zinashuka na watu wanatazamana. Miaka ya UKIMWI ilitufundisha kuuogopa mwili unaokonda, na woga huo haujaondoka. Wapo akina mama wanaoshauriwa na daktari wapunguze uzito kwa ajili ya presha, nao wanasita kwa sababu moja tu: majirani watasema nini? Simlaumu hata mmoja wao. Ila afya ya mtu haisomwi kwa macho. Hata mwenye VVU anaweza kunenepa: dawa za sasa za kufubaza VVU, zenye dolutegraviri, huwaongezea uzito baadhi ya wanaozitumia.

Hospitali hutumia hesabu: uzito wa kilo unagawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 30, huo ni unene uliopitiliza. Kwa mwenye urefu wa sentimita 160, ni kama kilo 77. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 1 walikuwa katika hali hiyo.

"Ni ulafi tu, afunge mdomo"

Maneno haya ndiyo yanayoumiza kuliko yote, na nimeyasikia hata ndani ya chumba cha daktari.

Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua jeni ya homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe. Homoni hiyo ikaitwa leptini, na kazi yake ni kuupa ubongo taarifa kwamba akiba ipo. Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa bila leptini. Hawashibi kamwe, lakini wakidungwa homoni hiyo njaa yao inatulia. Watu wengi wanene wao wanayo leptini tele, ila ubongo wao umeacha kuisikia.

Na mtu akipungua, leptini hushuka huku grelini, homoni ya njaa itokayo kwenye tumbo la chakula, ikipanda. Watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya kuwafuatilia watu waliokuwa wamepungua: mwaka mzima baadaye, homoni zao bado zilikuwa zinadai chakula. Basi dada aliyejinyima hadi akapungua kilo 12, kisha zikarudi zote, tusimwambie hana nia. Alikuwa anashindana na mwili wake mwenyewe, usiku na mchana.

"Mimi tatizo langu si chakula, ni homoni"

Hapa pana ukweli nusu. Anayesema hivi mara nyingi anamaanisha thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo. Ikilegea, mwili nao unapoa: usingizi hauishi, baridi kila saa, ngozi kavu, choo kigumu. Uzito huongezeka, lakini kwa kawaida ni kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Kilo 30 za ziada haziwezi kubebeshwa tezi hiyo peke yake. Kipimo cha damu kiitwacho TSH kinaonyesha kama imelegea. Vidonge vya levothairoksini, vinavyojazia homoni ya tezi hiyo, ni vya mwenye upungufu. Mzima akivimeza ili akonde, moyo unaenda mbio na mifupa inadhoofika.

Tatizo linalowapata wengi zaidi, na linalozungumzwa kidogo mno, ni la ovari zenye vifuko vingi, ambalo hospitali wanaliita PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria lipo kwa wanawake 10 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na hadi 70 kati ya kila 100 wenye nalo hawajijui. Hedhi inaruka miezi, ndevu zinaota kidevuni, chunusi haziishi, ngozi ya shingo inakuwa nyeusi kama ina uchafu usiotoka kwa kusugua. Insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, hupanda, unene unaipandisha zaidi, nayo inazidi kuzivuruga ovari. Wengi wanaishia kuambiwa wamerogwa, au kuuziwa dawa za "kusafisha kizazi". Inanisikitisha, kwa sababu tiba ipo. Kwa mwenye kilo 90, kupungua kilo 4 na nusu tu kunaweza kurudisha hedhi na upevushaji wa mayai, na daktari anaweza kuongeza metformini, dawa ya kisukari, au dawa nyingine.

"Vidonge vya kunenepa ni vitamini tu"

Katika haya yote, hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Wasichana wanaotafuta shepu hununua vidonge mtaani, vingine vimefungwa kwenye karatasi isiyo na jina. Mara nyingi ndani yake mna deksamethasoni au predinisoloni. Hizi ni steroidi, dawa nzuri kabisa kwa pumu kali na magonjwa mengine, zikitolewa kwa kipimo na kwa muda. Zikimezwa ovyo miezi na miezi, uso unavimba na kuwa duara kama mwezi, nundu inaota nyuma ya shingo, tumbo linajaa huku mikono na mapaja yakinyauka, ngozi inachanika michirizi ya zambarau. Sukari na presha vinapanda. Hali hii inabeba jina la Harvey Cushing, daktari wa Marekani aliyeieleza kwa kina mwaka 1932. Aina yake itokanayo na uvimbe ndani ya mwili ni nadra. Inayoletwa na dawa ndiyo ya kawaida.

Mkorogo nao una mlango wake hapa. Krimu nyingi za kujichubua zina klobetasoli, mojawapo ya steroidi kali kuliko zote za kupaka. Ukijipaka mwili mzima kila siku, inapenya ngozini hadi kwenye damu. Mwili ukiona steroidi zinatoka nje, tezi zilizo juu ya figo hulala. Aliyetumia muda mrefu akiacha ghafla, tezi zinakuwa bado usingizini: anatapika, anaishiwa nguvu, presha inashuka, na anaweza kufa. Kwa hiyo usimtie mwenzako hofu akatupa vidonge jalalani usiku huohuo. Mpeleke hospitali, apunguziwe dozi hatua kwa hatua.

"Sindano ya uzazi wa mpango inanenepesha"

Ile ya miezi mitatu, ndiyo, baadhi ya wanawake huongezeka. Kwa vidonge, tafiti hazijaonyesha ongezeko la maana. Anayeongezeka aombe kubadilishiwa njia, asiache kinga.

"Chai ya kupunguza tumbo"

Nyingi zina sanamaki, ileile ya bibi zetu ya kufungua choo. Kinachotoka ni maji na kinyesi, mafuta yamekaa palepale. Kibaya zaidi, baadhi ya bidhaa zinazoitwa za mitishamba zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo.

"Sindano za kukondesha ni za mastaa, na ukikonda umemaliza"

Semaglutaidi, ambayo watu wanaijua kwa majina ya Ozempic na Wegovy, inaiga homoni ya utumbo inayoujulisha ubongo kwamba umeshiba. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, waliodungwa walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Waliopewa sindano isiyo na dawa, pamoja na ushauri uleule wa chakula na mazoezi, walipungua asilimia 2.4. Kwa hiyo inafanya kazi. Lakini waliposimamishiwa, ndani ya mwaka mmoja walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Ni kama dawa ya presha: inatibu wakati unaitumia.

Ina kichefuchefu, kutapika na kufunga choo, mara chache mawe ya nyongo au kuvimba kwa kongosho, na haifai kwa mjamzito. Bei yake bado ni kubwa mno kwetu, na hapo ndipo matapeli wanapopenya. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia. Kabla ya kufunguliwa, dawa hii hukaa kwenye friji. Inayouzwa kwa meseji na kuletwa na bodaboda juani, usiiguse.

Na jambo moja ambalo wateja wengi hawaambiwi. Uzito ukishuka, yai linaweza kupevuka kwa mwanamke aliyekaa miaka bila hedhi ya kueleweka. Tirzepataidi, sindano nyingine ya kundi hili, inaweza pia kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Anayetumia vyote viwili aongeze kondomu kwa wiki 4 za mwanzo, na wiki 4 nyingine kila dozi inapopandishwa.