Kliniki ya mtoto haiishii miezi 9

Kina mama wa Dodoma, kuna kitu kinatuumiza sana sisi watu wa chanjo, mtoto akishachomwa surua ya miezi 9 kadi inawekwa chini ya nguo na basi, wakati bado kuna ya miezi 18.

Mwanzoni mnajitahidi kweli. Akizaliwa anapata BCG ya kifua kikuu, ile ya kovu begani, na matone ya polio, halafu wiki ya 6, 10 na 14 penta (sindano moja ya magonjwa matano), nimonia na polio tena, na kuanzia wiki ya 6 rota ya kuharisha.

Sasa kwanini surua mara mbili? Mtoto anazaliwa na kinga ya mama yake na hiyo kinga inaizuia chanjo isifanye kazi, ndo maana tunasubiri miezi 9, ila hata hapo kwenye watoto 100 kama 15 hivi haiwashiki na kwa macho huwezi kuwajua. Dozi ya miezi 18 ndo inawadaka hao. Na surua haina huruma jamani, mgonjwa akitoka chumbani kirusi kinabaki hewani mpaka masaa 2.

Najua wengine muda huo mko shamba au mmehama na ng'ombe huko Bahi na Chemba. Nenda na kadi zahanati ya serikali iliyo karibu, ni bure, na kama umechelewa mtoto anaendelea alipoishia, hatuanzi upya. Nesi akikwambia urudi siku fulani ni kwa sababu chupa ya surua ikishachanganywa ina masaa 6 tu, dozi zinazobaki zinamwagwa, ndo maana anasubiri watoto wawe wengi siku moja, basi mwambie akuandikie hiyo tarehe kwenye kadi.

Binti wa miaka 9 mpaka 14 anachomwa ya HPV, inakinga saratani ya mlango wa kizazi, na tangu 2024 ni dozi 1 tu. Haifungi kizazi, hayo maneno ya mtaani yanatuumizia watoto. Mjamzito naye ana ya pepopunda. Babu na bibi hawana ratiba kama ya watoto, ila mwenye kisukari, pumu au moyo amuulize daktari kuhusu chanjo ya mafua, hiyo ni ya kila mwaka, na ya nimonia.

Kadi ikipotea usikae nyumbani kwa aibu, rudi pale ulipoanzia kliniki, jina la mtoto lipo kwenye rejista.