Mgonjwa wa kiharusi: mpime presha kabla hujamsimamisha

Mgonjwa wa kiharusi akirudishwa nyumbani, iwe Ngamiani au Pongwe hapa Tanga, ndugu hutaka asimame siku hiyohiyo, "asije akazoea kulala". Hofu yao ina msingi: kulala sana huleta vidonda, nimonia na damu kuganda miguuni. Ila utafiti wa AVERT uliotangazwa 2015, uliohusisha wagonjwa 2,104 katika nchi 5, ulionyesha kwamba walioanzishwa mazoezi ndani ya saa 24 tangu kiharusi kianze, mara nyingi na kwa nguvu zaidi, hawakupona vizuri kama wenzao walioanza taratibu.

Watu wengi huogopa presha ya kupanda tu. Sisi wa mazoezi tiba, tunapomsimamisha mgonjwa, tunaiogopa sana ya kushuka. Mtu akisimama, damu huteremkia tumboni na miguuni, na mwili hujirekebisha haraka. Sehemu ya ubongo iliyoumia hushindwa kujirekebishia mtiririko wake, hivyo presha ikianguka, nayo hukosa damu. Ongeza hapo vidonge vya presha, joto la Tanga, na mgonjwa anayekunywa maji kidogo kwa kuwa kumeza kunamsumbua.

Mpime kwanza akiwa amelala ametulia dakika 5, kwa mkono usio dhaifu. (Ule dhaifu msiuvute kabisa mnapomwinua, bega huchomoka.) Mkalishe kando ya kitanda, miguu ikanyage chini, mpime tena. Akiwa sawa, asimame akishikiliwa, mpime ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mrudisheni kitandani. Mashine ikionyesha vizuri lakini anatoka jasho, anaona kiza au anapoteza maneno, mwaminini yeye, si mashine.

Wodini mnaweza kuona presha ya juu ni 190 mkadhani wauguzi wamezembea. Kwa kiharusi cha damu kuganda, asiyepewa dawa ya kuyeyusha bonge huweza kuachwa na presha ya hadi 220/120 siku za mwanzo, kwa makusudi. Cha kuvuja damu hakina ruhusa hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, ombeni mwandikiwe: presha ikifika ngapi, juu au chini, asifanyishwe mazoezi.

Msimwongezee wala kumkatizia vidonge kwa sababu ya kipimo kimoja. Udhaifu mpya ukitokea, au maneno yakipotea, mlazeni na mtafute usafiri wa kwenda hospitali ya Bombo mara moja, hata kama baadaye ataonekana amerudi sawa.