Macho na leseni ya udereva: maswali ya madereva wa Pemba

Maswali haya huulizwa sana na madereva wanapokwenda kukata leseni au kuihuisha. Yamejibiwa kwa kumfikiria dereva wa Pemba, awe wa gari ya shamba, daladala, vespa au bodaboda, lakini wa Unguja naye yatamfaa.

Nikienda kupimwa, wananikalisha mbali na ubao wa herufi. Wanatafuta nini?

Wanatafuta ukali wa uoni wako wa mbali. Unakaa mita 6 kutoka kwenye chati, unaziba jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, unasoma kuanzia juu kushuka chini. Halafu jicho la pili, halafu yote mawili. Asiyejua kusoma asione haya: ipo chati ya E zilizogeuzwa huku na huku, na yeye anaonesha kwa mkono tu miguu ya E imeelekea wapi.

Matokeo huandikwa kwa namba mbili. 6/6 ni uoni wa kawaida. 6/12 maana yake kitu anachokitambua mwenye macho mazima akiwa mita 12, wewe hukitambui mpaka usogee mita 6. Mwenye 6/60 anaambulia ile herufi kubwa ya juu peke yake. Ukikwama njiani, mpimaji mjuzi atakupa kibao chenye tundu dogo uchungulie. Herufi zikinyooka ghafla, kuna kila dalili kwamba unachohitaji ni miwani. Zisipobadilika, usikimbilie kununua miwani. Mwone kwanza daktari wa macho, maana huenda tatizo liko ndani zaidi.

Wapo wanaokariri herufi kwa kumsikiliza aliyetangulia. Cheti watakipata. Ila ng'ombe aliyekata kamba akasimama katikati ya barabara hana herufi za kukariri.

Niwe naona kiasi gani ndipo nifae kuendesha?

Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi kwa gari ndogo ni 6/12, macho yote mawili yakiwa wazi, na miwani ikiwa unavaa. Uingereza inaongeza kwamba usome namba ya gari iliyo umbali wa mita 20, na upana wa uoni wako usipungue nyuzi 120 kutoka upande hadi upande. Kwa mabasi na malori wanabana zaidi: jicho zuri lifike 6/7.5, na jicho jingine lisipungue 6/60. Mantiki yake haihitaji mwanasheria. Anayebeba roho za watu anadaiwa zaidi.

Hapa kwetu daktari anapima na kuandika, na wenye mamlaka ya leseni ndio wanaoamua. Unapochukua fomu, waulize papo hapo kiwango cha daraja unaloomba, hasa kama ni gari ya abiria.

Nyumbani unaweza kujichunguza mapema. Mwambie mwenzio asimamishe gari, hesabu hatua 26 hivi za mtu mzima, geuka, usome namba yake mchana kweupe. Ukibahatisha, nenda ukapimwe kabla ya kwenda kuomba leseni. Ukiisoma vizuri usijitangazie ushindi, kwa sababu zitakazoonekana huko chini.

Je, kuvaa miwani kutaninyima leseni?

Hapana. Unapimwa ukiwa umeivaa, na ukifikia kiwango kwa miwani, sharti ni uivae kila unaposhika usukani. Weka na ya akiba garini.

Lakini tusichanganye miwani. Ukishafika miaka 40 na kitu, unaanza kunyoosha mkono kusoma ujumbe wa simu. Hayo ni ya umri, hayaepukiki, na miwani ya kusomea inayouzwa sokoni inasaidia. Miwani hiyo ni ya karibu. Ukiendeshea, barabara yote inakuwa ukungu. Kuna madereva wanaivaa kutwa nzima kwa sababu wanahitaji kuona chenji, na hawajui kwamba muda wote wakiwa wameivaa wanajizibia ule uoni wa mbali walio nao.

Mchana naona vizuri kabisa, ila magharibi ikiingia napata taabu. Tatizo nini?

Swali hili lingepaswa kuwamo katika kila fomu ya leseni. Chati ya herufi ni nyeusi juu ya nyeupe, ndani ya chumba chenye mwanga. Barabara ya Chake kwenda Wete saa moja kasoro jioni haifanani nayo hata kidogo: vilima, kona, mikarafuu imefunga pande zote mbili, mama kavaa buibui jeusi anatembea ukingoni na mtoto, baiskeli haina taa. Msimu wa karafuu ndio zaidi, kwa sababu majamvi ya kuanikia yametandazwa kando ya lami na watu wameinama wanazoa kabla giza halijaingia. Kumtambua mtu mweusi mwenye nguo nyeusi kwenye kivuli cheusi ni kazi nyingine ya jicho, tofauti na kusoma herufi, na ndiyo inayoanza kudhoofu mwanzo.

Piga hesabu. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, kila sekunde inakupeleka mita kama 17. Aliyekuwa aonekane ukiwa mita 60 akionekana ukiwa mita 30, umebakiwa na chini ya sekunde mbili za kushtuka, kukanyaga breki na kusimama. Hutosimama.

Sababu za taabu ya usiku ni nyingi. Anayehitaji miwani ya mbali kidogo tu anaweza kuvumilia mchana, usiku ikamshinda. Mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya ndani ya jicho, hutawanya mwanga: gari inayokuja mbele ikiwasha taa kubwa unaona mng'ao mtupu, na baada ya kupishana unabaki kipofu kwa kitambo. Ukiona hivyo, usiridhike na kulaumu taa za watu. Kuna pia maradhi ya kurithi yanayokula uoni wa usiku kwanza, tangu ujanani. Kama kwenu wapo ndugu waliokuwa wakipapasa kuta usiku, mwambie daktari. Na kabla ya yote hayo, futa kioo cha gari. Kioo chenye mikwaruzo, au kizuia upepo cha helmeti kilichochakaa, kinaweza kukufanya ujidhanie mgonjwa.

Miwani ya rangi ya njano inayosifiwa kwa kuendeshea usiku haikuongezei uoni. Inapunguza mwanga ambao tayari ni haba.

Nimesoma herufi zote hadi mstari wa mwisho, halafu daktari ananiambia nina presha ya macho. Inawezekana vipi?

Inawezekana kabisa, na ndiyo hatari ya maradhi haya. Presha ya macho haihusiani moja kwa moja na presha ya damu. Mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo, mara nyingi kwa sababu mgandamizo ndani ya jicho umepanda. Kinachoondoka mwanzo ni uoni wa pembeni. Wa katikati, ule unaosomea chati, hubaki mzuri kwa miaka. Huumwi, macho hayawi mekundu, na ubongo unajaziliza mapengo usijue. Dereva mwenyewe husema tu: "Yule mtoto sijui alitokea wapi." Alitokea pembeni.

Kilichopotea hakirudi, hata kwa upasuaji. Matibabu yanazuia kilichobaki kisipotee. Sisi watu wa asili ya Kiafrika hutuanza mapema zaidi na hutushika kwa nguvu zaidi, na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye maradhi haya anatakiwa apimwe hata kama haoni kasoro yoyote.

Jambo moja linalofanywa kwa mazoea: kununua duka la dawa matone ya kuondoa wekundu na muwasho, ukayatumia miezi. Baadhi yake yana dawa za jamii ya steroidi, ambazo zikitumika muda mrefu bila usimamizi zinaweza zenyewe kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Soma lebo, au peleka kichupa kwa daktari akuangalizie.

Na Ramadhani inapoingia, wagonjwa huacha matone yao wakichelea saumu. Msimamo wa Shafii, madhehebu ya wengi wetu, ni kwamba dawa ya matone jichoni haibatilishi saumu. Moyo ukisita, muulize sheikh wako, na mwombe daktari akupangie saa za baada ya futari na wakati wa daku. Kuacha mwezi mzima ndiko kusikofaa.

Nina sukari. Kuna la ziada?

Lipo. Sukari ikiruka juu, lenzi ya jicho hubadilika na uoni unayumba. Miwani uliyopimiwa wiki hiyo haitokufaa sukari ikishuka. Tuliza sukari kwanza, kisha pima miwani. Zaidi ya hapo, sukari huharibu vishipa vya damu nyuma ya jicho bila dalili, kwa hivyo pazia la nyuma lichunguzwe kila mwaka. Na sukari ikishuka mno, kama saa ya mwisho kabla ya kufuturu wakati kila mtu anakimbilia nyumbani, dereva huona mawili mawili na kuchanganyikiwa. Simamisha gari, fungua saumu, ule. Hapo afya yako na ya wenzio inatangulia saumu.

Jicho langu moja halioni tangu utotoni. Nisiote leseni?

Nchi nyingi humruhusu mwenye jicho moja zima kuendesha gari yake binafsi, likiwa linafikia kiwango, na humkatalia gari ya abiria. Aliyezaliwa hivyo amekwisha kuzoea kukisia umbali. Aliyepoteza jicho mwezi uliopita ni mwengine kabisa: asiendeshe mpaka daktari aridhike. Sema ukweli kwenye fomu.

Na rangi? Nachanganya nyekundu na kijani.

Hutokea zaidi kwa wanaume na kwa kawaida ni ya kuzaliwa nayo. Taa za barabarani nyekundu iko juu, kijani chini, kwa hivyo wengi wanamudu. Taa za breki za gari ya mbele ndizo za kuzingatia, ongeza nafasi.

Kama leseni yangu bado ina muda, nina haja gani ya kupimwa?

Leseni ina tarehe yake na macho yana yake. Baada ya miaka 40, pima kila baada ya miaka miwili hivi hata kama huna shida, na omba mshipa wa jicho uangaliwe na mgandamizo upimwe, pamoja na kusoma chati. Anzia kitengo cha macho hospitali ya Chake Chake, au ulizia Wete na Abdalla Mzee kule Mkoani. Kwa Unguja, Mnazi Mmoja.

Siku hiyo huenda ukatiwa matone ya kupanua mboni ili daktari aone nyuma ya jicho. Kwa saa kadhaa utaona ukungu na jua litakuumiza. Vespa iache nyumbani, panda daladala, na chukua miwani ya jua.