Kwa nini Marekani mtu yeyote anaweza kusoma rekodi ya kukamatwa kwako, na hufungwaje?

Ukikamatwa usiku mjini Tampa, jimbo la Florida, huenda jirani yako akaiona picha yako kabla wewe hujafikishwa mbele ya hakimu. Ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa Kaunti ya Hillsborough ulimo mji huo, ambayo ndiyo inayoendesha jela ya hapo, ina ukurasa mtandaoni wa kutafuta waliokamatwa. Unaandika jina, unapata tarehe, makosa yanayodaiwa na kiasi cha dhamana. Huulizwi unayatakia nini. Na yote haya hutoka wakati mwendesha mashtaka hajaamua hata kama kuna kesi.

Kwa msomaji wa Nairobi hili ni jambo geni kidogo. Kenya, rekodi za polisi ziko kwa DCI, idara ya upelelezi wa makosa ya jinai, na mwajiri akitaka kujua historia yako anakwambia wewe ukaombe cheti cha maadili mema, ukatoe alama za vidole, kisha umletee. Mwenye rekodi ndiye anayeibeba. Marekani mambo ni kinyume: rekodi ya kukamatwa ni mali ya umma tangu inapoandikwa, isipokuwa sheria ya jimbo iseme vingine.

Sababu yake ni ya kizamani na, ukiitazama vizuri, ni ya busara. Serikali inayoweza kumtia mtu ndani bila kumtangaza inaweza pia kumpoteza. Orodha ya mahabusu ikiwa wazi, ndugu watajua mtu wao yuko wapi, wakili atamfuata, na mwandishi wa habari atauliza kwa nini kijana fulani amekaa jela siku tatu ilhali sheria ya Florida inataka afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 24. Uwazi huo uliwekwa umlinde aliyekamatwa. Florida waliushikilia kuliko majimbo mengi: mwaka 1992 wapiga kura waliiweka haki ya kusoma nyaraka za serikali ndani ya katiba ya jimbo.

Kaunti inaingiaje? Tofauti na Kenya, ambako gavana hana polisi wake, kaunti ya Marekani kwa kawaida ndiyo yenye jela, na sherifu huchaguliwa kwa kura. Karani wa mahakama, anayetunza majalada ya kesi, naye huchaguliwa. Florida ina kaunti 67, kila moja na ofisi zake, na kukamatwa mara moja kunaacha karatasi kwa sherifu, kwa karani, kwa mwendesha mashtaka, kwa idara ya jimbo ya utekelezaji wa sheria iitwayo FDLE, na alama za vidole zinaendelea hadi FBI.

Zamani wingi huo wa ofisi ulikuwa kinga wenyewe. Kumchimba mtu kulihitaji nauli, foleni na karani mvumilivu. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitambua tofauti hiyo ilipokataa waandishi wa habari wapewe muhtasari wa makosa ya mtu kutoka FBI: karatasi zilizotawanyika kwenye makabati ya kaunti, ilisema, si sawa na taarifa zilizokusanywa pahali pamoja kwenye kompyuta. Kisha kaunti zenyewe zikahamia mtandaoni. Kampuni zikaanza kuzikusanya rekodi kwa maelfu na kuziuza kwa waajiri na wenye nyumba za kupanga. Wengine walizidi: walichapisha picha za mahabusu, kisha wakamtoza aliyepigwa picha ili waiondoe. Florida ilipiga marufuku ada hiyo mwaka 2018.

Sasa, kufunga. Florida ina njia mbili, na watu huzichanganya. Kufunga rekodi ni kuiondoa machoni pa umma huku ofisi zikiendelea kuitunza. Kufuta ni zaidi: sherifu na karani wanaiharibu nakala yao, na FDLE peke yake inabaki na moja ya siri. Kwa jumla, kufuta ni kwa ambaye mashtaka yake hayakufunguliwa au yalitupwa, na kufunga ni kwa ambaye hakimu aliamua asimtangaze kuwa na hatia ingawa mshtakiwa mwenyewe alikubali kosa. Aliyewahi kutiwa hatiani hana nafasi, na yapo makosa yasiyofungika kamwe.

Mwombaji huanza FDLE, si mahakamani. Anapeleka alama za vidole, nakala iliyothibitishwa ya hatima ya kesi kutoka kwa karani wa kaunti alikokamatwa, na dola 75. Anayetaka kufutiwa anahitaji pia saini ya ofisi ya mwendesha mashtaka. Akipewa cheti cha kustahiki, ana miezi 12 ya kupeleka ombi kwenye mahakama, na hata hapo hakimu anaweza kukataa. Nafasi hii kwa kawaida ni moja tu maishani, kwa hiyo mtu aliyekamatwa mara mbili kwa upuuzi atalazimika kuchagua upuuzi upi unamuumiza zaidi.

Kuna mtego ambao huwapata hata makini. Tangu 2019 sheria inaitaka FDLE ifunge yenyewe rekodi nyingi za mashtaka yaliyotupwa. Wengi wakisikia hivyo hupumua. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kufunga huko hakuilazimishi mahakama wala ofisi nyingine kufunga nakala zao. Mwajiri anayetafuta kwenye tovuti ya karani wa kaunti ataikuta kama ilivyokuwa. Atakaye kabati la kaunti lifungwe bado anahitaji amri ya hakimu.

Hata akiipata, kampuni zilizonunua rekodi mapema hazijui kilichotokea mpaka ziambiwe. Sheria ya shirikisho inazitaka zihakikishe usahihi wa ripoti zao, kwa hiyo nakala ya amri hutumwa kwao pamoja na malalamiko ya maandishi. Mwenye rekodi iliyofungwa anaruhusiwa kukana kwamba aliwahi kukamatwa, isipokuwa mbele ya wachache: anayeomba kazi ya polisi, uwakili au ualimu, kwa mfano, lazima aseme.

Na wahamiaji wako katika kundi la peke yao. Fomu ya kuomba uraia wa Marekani inauliza kama umewahi kukamatwa popote, na maelekezo yake yanataka jibu la kweli hata kama rekodi ilifungwa au ilifutwa. Afisa wa uhamiaji, ambaye tayari ana alama zako za vidole, atadai nakala iliyothibitishwa ya jinsi kesi ilivyokwisha. Mkongomani au Mkenya aliyefutiwa kesi yake bila kuhifadhi nakala hiyo anaweza kujikuta akiombwa karatasi ambayo kaunti imekwisha kuiharibu kwa amri aliyoiomba mwenyewe. Nenda kwa karani uchukue nakala zenye muhuri, zaidi ya moja, halafu ndipo uanze kuomba kufutiwa.