Hoja ya ukaguzi ni kitu gani khasa?

Kila inapotoka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwenye barza za kahawa huzuka mjadala uleule. Mmoja anasoma kwenye simu kwamba baraza fulani la manispaa limeibuliwa hoja. Wa pili anadakia: "Si wameiba hao!" Wa tatu, ambaye mkwewe anafanya kazi hukohuko, ananuna mpaka kahawa inapoa. Nimekaa katika mabishano ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na sijapata kumsikia mtu akiuliza: hoja yenyewe ni nini?

Tatizo linaanzia kwenye neno. Mtaani, hoja ni maneno ya kumshinda mwenzio katika mabishano. Kule Chukwani, Zanzibar, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi akimaliza kusoma hotuba yake husema "naomba kutoa hoja", akimaanisha jambo aliloleta lijadiliwe na kuamuliwa. Mkaguzi wa hesabu ana maana ya tatu. Kwake yeye hoja ni suala lililoandikwa: nimetazama vitabu vyenu, nimekuta jambo ambalo karatasi hazilielezi, nielezeni. Hapo hajamhukumu mtu. Ameuliza kwa maandishi, na aliyeulizwa anatakiwa ajibu kwa maandishi pia, tena na vielelezo.

Jengine linalochanganya watu ni nani anayeuliza. Zanzibar ina mkaguzi mkuu wake, aliyewekwa na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Yule wa Serikali ya Muungano, ambaye ripoti zake hutikisa Bunge la Dodoma, hana kazi na vitabu vya Manispaa ya Mjini wala vya Baraza la Mji la Wete. Wa kwetu hukabidhi ripoti yake kwa Rais wa Zanzibar, kisha ikafikishwa Baraza la Wawakilishi, ambako wajumbe wa kamati ya hesabu huwaita watendaji mmoja mmoja na kuwauliza wenyewe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, kwa hiyo hoja unayoisoma leo kwa kawaida inahusu pesa iliyotumika zamani kidogo. Mtu huwa anamgombeza mkurugenzi aliyepo kwa vocha, yaani hati ya kuidhinishia malipo, iliyosainiwa na aliyemtangulia.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuuone kwa karibu. Baraza moja limenunua taa 40 za barabarani, kila moja shilingi 600,000, jumla shilingi milioni 24. Mkaguzi anafungua jalada la malipo. Juu kabisa ipo vocha imesainiwa. Chini yake ipo ankara ya muuzaji: taa 40. Ipo hati ya kuagizia: taa 40. Ipo risiti: milioni 24 zimelipwa. Anafika kwenye hati ya kupokelea vifaa, ile anayoijaza mtunza ghala mzigo unaposhuka garini. Imeandikwa taa 31.

Basi anaandika. Kwanza hali aliyoikuta: taa 9 zenye thamani ya shilingi 5,400,000 zimelipiwa lakini hakuna ushahidi kwamba zimepokelewa. Pili, kanuni gani inataka mzigo upokelewe kabla ya malipo. Tatu, anavyoona sababu, labda ghala na ofisi ya uhasibu hawazungumzi. Nne, athari yake. Tano, anachopendekeza kifanyike. Chini anaacha nafasi ya majibu ya uongozi. Hiyo ndiyo hoja nzima, mara nyingi haizidi ukurasa.

Sasa angalia majibu yanayoweza kuja. La kwanza: taa 9 zilichelewa bandarini, zikaja wiki ya pili, na hati yake ya kupokelea ilikuwa imelala kwenye mtoto wa meza wa mtunza ghala. Inaletwa, mkaguzi anakwenda kuzihesabu taa, hoja inafungwa. La pili: muuzaji aliishiwa, akaahidi kumalizia, na hakuna aliyemfuata. Huo ni uzembe, na pesa inatakiwa idaiwe. La tatu: hakuna anayejua, muuzaji hapokei simu, na saini iliyoko kwenye vocha mwenyewe anaikana. Hilo ndilo linalofaa kupelekwa ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Majibu ni matatu, lakini siku ya kwanza hoja iliandikwa kwa maneno yaleyale. Ndiyo maana mtu anayehesabu hoja tu, kumi hapa na ishirini pale, anahesabu kitu kisichomwambia lolote. Mimi kwanza hutazama sehemu ya majibu. Jibu linalosema "ushauri umepokelewa na utafanyiwa kazi" lina adabu nzuri lakini halijajibu kitu: hati haikuletwa, muuzaji hakutajwa, tarehe haimo.

Hoja za mapato nazo zipo, na kwa maoni yangu ndizo zinazofaa kuangaliwa zaidi, kwa sababu pesa ikivuja mlangoni hakuna vocha ya kuifuatilia. Mabaraza yetu hupata pesa kutokana na ruzuku ya Serikali na kutokana na makusanyo yao wenyewe: leseni za biashara, ada ya taka, kodi ya vibanda sokoni, maegesho. Hoja iliyozoeleka katika ukaguzi wa serikali za mitaa ni ya vitabu vya risiti visivyorejeshwa. Mkusanyaji kapewa vitabu kumi, karudisha vinane. Viwili vimekwenda wapi, na vilikusanya kiasi gani? Malipo ya kwa simu na benki yamepunguza mambo hayo, lakini muuza ndizi anayetoa mia tano mkononi bila kudai karatasi ameshamnyima mkaguzi kitu cha kukagua.

Sasa tuje kwenye hati ya ukaguzi, maana hapa ndipo watu hudanganyika upande wa pili. Baada ya hoja na majibu yake, mkaguzi hutoa maoni juu ya hesabu za mwaka. Zikiwa zimeandikwa sawasawa, hutoa hati inayoridhisha, ile watu wanayoiita hati safi. Kukiwa na kasoro sehemu fulani, hati yenye shaka. Kasoro zikiwa kubwa na zimeenea, hati isiyoridhisha. Na akikosa hata vielelezo vya kutosha kuamulia, hushindwa kutoa maoni, na hiyo ndiyo fedheha khasa.

Hati safi inasema kwamba hesabu zinaonyesha kwa haki kilichopokelewa na kilichotumika. Haisemi kwamba kilichonunuliwa kilifaa. Baraza linaweza kununua taa 40, likazipokea zote 40, likazifunga, likazilipia kwa karatasi zote, likapata hati safi, na miezi mitatu baadaye 25 zikawa zimezimika kwa sababu hakuna aliyetenga pesa ya matengenezo. Tena hata zile 9 zilizopotea, kama baraza lina bajeti ya mabilioni, milioni 5.4 ni ndogo kiasi kwamba peke yake haibadilishi hati. Kwa mwanamke anayetoka zamu ya usiku na kupita kichochoro hicho, taa 9 si ndogo hata kidogo.

Kuna ukaguzi wa aina nyengine unaouliza suala lake huyo mama, nao ni ukaguzi wa ufanisi. Humo mkaguzi hatosheki na vocha, huenda barabarani akatazama pesa imezaa nini. Ripoti hizo hazipati vichwa vikubwa vya habari, kwa kuwa aghlabu hazina mwizi wa kutajwa.

Na usalama wa mji umo humo kwa humo. Tukisema usalama, akili hukimbilia polisi, na polisi ni jambo la Muungano. Zimamoto na Uokozi ni kikosi cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Linabaki nini kwa baraza? Yanabaki yale madogo yanayoua polepole: taka zisizozolewa mpaka zikaziba mtaro, mwanga, masoko yaliyosongamana, na mifuniko ya mitaro. Mkoa wa Mjini Magharibi, wenye manispaa tatu za Mjini, Magharibi A na Magharibi B, ulihesabiwa watu 893,169 katika sensa ya 2022. Masika yanapoingia mwezi wa Machi, watu hao wote wanategemea mtaro uliosafishwa Februari.

Mitaro mikubwa kadhaa ya mji, pamoja na taa na ukuta wa bahari wa Mizingani, ilijengwa chini ya mradi wa huduma za miji uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2011. Kujenga kulikuwa na wakopeshaji, wahandisi na wakaguzi. Kuzibua ni kazi ya baraza, kwa bajeti yake, kila mwaka, bila ya sherehe ya kukata utepe. Ukitaka kujua masika yajayo yatakuwaje, tafuta kifungu cha matengenezo kwenye bajeti, kisha uangalie kiasi gani kilitolewa kweli. Mara nyingi tofauti ya hivyo viwili nayo huwa hoja.

Mtaani kwetu upo mtaro wa zege uliopoteza mfuniko mmoja. Masika moja nilitumbukiza mguu hapo, usiku, maji yakiwa yamesawazisha njia na shimo. Nilipona na mchubuko na kiatu kimoja. Asubuhi nikaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, nikiwa na ghadhabu zangu, akanisikiliza, akanambia jambo ambalo nilipaswa kulijua: yeye ameteuliwa, shehia haina mfuko wa kununulia zege, ataandika barua. Diwani ndiye anayekaa kwenye kikao kinachopitisha bajeti, na mbele yake ndiko ghadhabu zangu zilipostahili kupelekwa, pamoja na suala la mfuniko ulilipiwa lini na kama ulipokelewa.

Mkaguzi anaporudi mwaka unaofuata, hupitia pia orodha ya hoja za nyuma: ipi imefungwa, ipi inaendelea, ipi haijaguswa. Orodha hiyo huwamo ndani ya ripoti, kwa kawaida kurasa za mbali ambazo wasomaji wa kwenye simu hawazifikii. Kuna hoja zinazojirudia mwaka hata mwaka, zimebadilika tarehe tu.

Pale kwenye shimo letu, vijana wamechomeka kuti na kulifunga kitambaa chekundu ili wapitao walione. Kuti likioza wanaweka jengine.