Joto la Tabora na kazi za mikono: yanayosemwa na yaliyo kweli

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuziweka kando sindano za kufumia hapa Tabora. Mchana joto hufika nyuzi 32 na kuendelea, vumbi linaingia mpaka kwenye vyombo vilivyofunikwa, na mvua za kueleweka hazitarajiwi kabla ya Novemba. Mtu aliyezoea kukaa barazani na sweta mapajani anajikuta mikono haina kazi. Akianza kuulizia afanye nini badala yake, ushauri unamiminika kutoka kila upande, na mwingi ni wa kurithishana tu. Kwa maoni yangu joto halikatazi kazi yoyote ya mikono, ila linakutaka ujue malighafi yako inalipokeaje. Yafuatayo ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara.

"Huku ni joto mwaka mzima, nani anahitaji sweta?"

Anayesema hivi hajaamka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa sita. Mji huu uko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 15. Waulize wanafunzi wa bweni. Kigoma ndiko sweta linakokosa kazi zaidi, kwa kuwa Ziwa Tanganyika liko chini, kwenye mita 770 hivi, na maji mengi kiasi kile hayaruhusu hewa ya mjini kubadilika sana.

Halafu kufuma kwenyewe hakukuchoshi. Kinachochosha ni blanketi zima kukulalia mapajani wakati unalimalizia, na uzi unaotumia. Uzi mwingi unaouzwa madukani kama sufu ni akriliki, jamii ya plastiki. Haunywi jasho, kwa hiyo unanatanata vidoleni. Sufu halisi ya kondoo hunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi imelowa, lakini huku ni ya kutafuta kwa tochi. Kama huwezi kukaa bila kufuma, chukua uzi wa pamba na sindano ya kroshia, ufume vitambaa vya kufunikia jagi na glasi. Kazi ya ukubwa wa kiganja haikuongezei joto.

"Kudarizi ni yale yale, shuka litakufunika"

Shuka linakaa kwenye kapu. Kilicho mkononi ni kile kipande kilichobanwa kwenye fremu, na anayeanza aanze na foronya kabla ya kujitwisha shuka la futi sita kwa sita. Na kaka zangu wanaosema hii ni kazi ya kike, watazame shingo za kanzu wanazovaa Ijumaa kisha waulize ni nani aliyezidarizi.

Joto linaingia hapa kwa mlango mwingine, nao ni jasho. Ukiacha sindano imechomekwa kwenye kitambaa usiku kucha, chumvi ya vidole vyako inaitia kutu, na asubuhi unakuta nukta ya kahawia katikati ya ua. Sabuni haiitoi. Nawa mikono, ifute ikauke, na kila unapoacha kazi chomoa sindano. Uzi wa kudarizi nao una nyuzi sita ndani yake. Kwa ua la kawaida unatenganisha mbili tu, na unakata urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko. Watu hukata mrefu ili wasitungetunge sindano, halafu uzi unapita kwenye kitambaa mara nyingi mno, unapoteza mng'ao na kujifunga mafundo. Nyekundu na nyeusi zipime kabla: lowanisha kipande, kibane kwenye kitambaa cheupe, uone kama kinaacha alama.

"Siki na chumvi hukaza rangi ya nguo yoyote"

Hii imeharibu vitu vingi. Siki inasaidia rangi za asidi, zile zinazoshika kwenye sufu na hariri, yaani nyuzi zitokanazo na wanyama. Pamba si mnyama. Ukiloweka pamba kwenye siki unapata pamba yenye harufu ya kachumbari. Chumvi ina kazi kwenye ndoo ya kutilia rangi, inaisukuma rangi iingie kwenye pamba, lakini haiifungi pale. Kwa rangi za pamba za maji baridi kinachofunga ni soda ashi, unga mweupe wa jamii ya magadi. Nguo iliyokwisha kutoka kiwandani na rangi isiyoshika, hakuna cha jikoni kitakachoitibu. Ifue peke yake.

"Batiki ni kazi ya Dar, na ni ya mtaji mkubwa"

Hapa nitakaa kidogo, maana mkoa unaojulikana kwa asali hauna sababu ya kuiogopa kazi ya nta. Batiki ni nta na rangi: unachora kwa nta ya moto, unatia rangi, palipo na nta hapashiki. Nta hutumika za aina mbili, parafini ya mishumaa na nta ya nyuki. Parafini ni ngumu na hupasuka, nayo ndiyo inayotoa ile mishipa myembamba ya rangi inayopendwa. Nta ya nyuki ni laini, inashikamana na kitambaa na kulinda mstari. Watu wa kazi huchanganya zote, na kila mmoja ana vipimo vyake. Mtu wa Dar ananunua nta ya nyuki iliyosafiri. Wewe inatoka kwenye mizinga ya Sikonge na Urambo, hapo jirani.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo Oktoba haitakuyeyushia kazi. Ila mchana wa joto nta yote inalegea, na ukiikunjakunja nguo upate mishipa inajikunja tu bila kupasuka. Dawa yake ni asubuhi mapema, au kuizamisha nguo kwenye maji ya baridi kwanza. Yeyusha nta kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji, kamwe usiiweke moja kwa moja juu ya jiko la mkaa, kwa kuwa ikizidi joto inashika moto. Ikishika, funika. Ukiimwagia maji, moto utaruka hadi kwenye paa.

Gharama si kubwa kama inavyosemwa. Mita mbili za kitambaa cheupe cha pamba, brashi, nta, rangi, glavu. Ninachosisitiza ni kostiki, ile soda kali inayounguza ngozi, kwa wanaotumia rangi zinazoihitaji. Kostiki humiminwa kwenye maji. Maji hayamiminwi kwenye kostiki, maana huchemka papo hapo na kukurukia usoni. Na usitumie sufuria zetu za alumini: kostiki huila alumini na kutoa gesi inayowaka. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, uiandike alama, isirudi jikoni tena.

"Anika juani, ikauke haraka"

Kila kazi ina mtu wa kukushauri hivi, na karibu kila kazi ushauri huu unaiharibu.

Kwenye batiki ya soda ashi, rangi inajifunga na pamba muda wote kitambaa kikiwa na unyevu. Kikikauka, kazi imesimama. Ndiyo maana nguo hufungwa kwenye nailoni saa kadhaa, kivulini, kabla ya kusuuzwa. Jua la saa saba mchana linakausha mita mbili kabla hujamaliza chai, na baadaye unalalamika kwamba rangi ni feki.

Kwenye kusuka ukindu ni hivyo hivyo. Majani yenyewe hukaushwa baada ya kukatwa, sawa, lakini siku ya kusuka hayatakiwi kuwa makavu. Hewa ya Tabora ya Septemba haina unyevu, chane, yaani jani lililopasuliwa vipande vyembamba, inakatika ukiikunja. Wanaojua hulowanisha fungu, hulifunga ndani ya kitambaa kibichi, na kuchomoa chane chache chache kadiri ukili, ule ukanda unaosukwa, unavyorefuka. Kigoma, karibu na ziwa, fungu hilo hilo hukaa laini muda mrefu zaidi. Kusuka ukili, kwangu, ndiyo kazi bora kuliko zote za msimu huu: umekaa chini ya mwembe, vidole viko kwenye kitu chenye ubaridi wa maji, na hakuna kinachokulalia mapajani isipokuwa ukanda wa upana wa vidole vitatu. Ukishafikisha pima za kutosha ndipo unaushona uwe mkeka.

Udongo ndio unaoadhibu zaidi. Chungu kibichi kinachopigwa na jua hukauka nje kabla ya ndani. Nje inasinyaa, ndani bado imevimba, na ufa unaanzia mdomoni. Kivuli, kitambaa juu yake, siku kadhaa. Na wale wanaofinyanga vikombe wakaviacha juani wakidhani ndiyo vimeiva, wavijaze maji waone: vitarudi kuwa tope. Maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe hutoka kuanzia kwenye nyuzi 500 hivi, na hizo hutoka kwenye moto. Jua halizifikii. Unyevu wa kawaida usipokwisha kwanza, mvuke wake ukifika nyuzi 100 unakipasua chungu ndani ya moto kwa mlio.

"Shanga ni mambo ya Wamasai"

Shanga zilikuwa pesa hapa. Karne ya 19 misafara ilizibeba kupitia Tabora hadi Ujiji, na pale sokoni shanga ziitwazo sofi, zenye umbo kama vipande vya mtutu wa kiko, zilitumika kama sarafu. Henry Morton Stanley, aliyemkuta David Livingstone Ujiji mwaka 1871, aliziandika kwenye hesabu za safari yake. Kwa hobi ya msimu wa joto shanga hazina mpinzani: hazinywi jasho, haziharibiwi na vumbi, na kazi yote inaenea kwenye sahani. Tandika kitambaa kwenye hiyo sahani zisiviringike. Badala ya uzi wa cherehani unaokatwa na kingo za shanga, tumia mshipi mwembamba wa kuvulia, na watu wa Kigoma hawahitaji kuambiwa wanaupata wapi.

"Kuchora ni kwa waliosoma sanaa"

Edward Saidi Tingatinga hakusoma sanaa. Alianza kuchora mwaka 1968 Dar es Salaam, kwenye mbao za bei rahisi na kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wenye jina lake unaendelea hadi leo. Rangi hizo za mafuta hukauka polepole, kwa hiyo kwa vumbi letu usiache picha mbichi uani, na usichoree chumba kilichofungwa kwa sababu ya harufu yake. Rangi za maji za akriliki zina tabia tofauti: zinakukaukia kwenye kisahani hujachovya mara mbili. Toa kidogo kidogo, uwe na kitambaa kibichi pembeni.

"Vipande vya kwa fundi ni takataka"

Fundi cherehani wa vitenge anafagia kila jioni nusu kilo ya vitu vizuri. Omba. Vinaunganishwa kwa mkono kuwa mfuniko wa mto, kishika sufuria, begi. Kasoro moja tu: siyo kila kitenge ni pamba, hata kama lebo inaapa. Chomoa nyuzi chache, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polyester inayeyuka, inajikunja, na kuacha punje ngumu nyeusi. Hiyo ya pili usiishonee kishika sufuria, itayeyukia kwenye vidole vyako.

"Uzi wa sufu ukiufunga kwenye nailoni uko salama hadi mwakani"

Ikiwa mayai ya nondo yamo tayari, umeyafungia chakula. Nondo mkubwa hali kitu. Mabuu yake ndiyo yanayokula sufu, na hupenda zaidi iliyoshika jasho. Akriliki hayaigusi. Pamba nayo hayaitaki, lakini mchwa wanaitaka, na Tabora mchwa hawabishi hodi, kwa hiyo hakuna uzi wa kukaa sakafuni wala kuegemea ukuta. Fua sufu, ikauke kabisa, kisha iweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Vile vidonge vyeupe vya nondo vinavyouzwa barabarani havifai kukaa na nguo za mtoto mchanga. Vingi ni nafthalini, na mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, hali isiyo adimu katika maeneo ya malaria kama yetu. Sweta la mtoto lililofumwa Julai lisiwekwe navyo kabisa. Kama lilishawekwa navyo, lifue na kulianika hewani mpaka harufu iishe yote ndipo avalishwe. Hapo, kwa mara moja, jua linakubalika.