Modemu inayojizima: laini haina kosa

SIM800L, modemu ndogo inayotumia laini ya simu, ikijizima na kuwaka kila inapotafuta mtandao, wengi hulaumu laini au programu waliyoandika. Mara nyingi tatizo ni umeme. Modemu hii inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inaporusha mawimbi huweza kuvuta ampea 2 kwa mipigo isiyofika hata milisekunde 1. Pini ya volti 5 ya Arduino Uno (bodi ndogo inayoendesha programu yako) iliyochomekwa kwenye USB haiwezi kutoa kiasi hicho. Tazama taa ya modemu: inapepesa mara kadhaa, inasita, inaanza upya.

Ipe betri ya lithiamu ya volti 3.7, nyaya fupi na nene, na kapasita (kifaa kinachotunza umeme kidogo) ya mikrofaradi 1000 jirani kabisa na pini zake. Unganisha pia GND (upande hasi) ya betri na ya Arduino. Bila hiyo, ukiitumia modemu amri ya majaribio, AT, hutapata jibu la OK.